Mgeni na Jembe: Historia ya Haki ya Kukaa Ugenini katika Bwaise, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wageni walivyopata, walivyorefusha na walivyopoteza haki ya kukaa Bwaise, mtaa wa bondeni kaskazini mwa Kampala, tangu Mkataba wa Buganda wa 1900 hadi kipindi cha Soko la Pamoja la Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba taratibu mbili za kumtambua mgeni zimeishi sambamba. Ya kwanza humpima mgeni kwa kazi yake na kwa watu wanaomjua. Ya pili humpima kwa siku alizoandikiwa katika pasi. Sheria ya Uhamiaji ya 1969 haikuufuta utaratibu wa kwanza bali iliunyima nguvu ya kisheria, na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010 haijafanikiwa kuuunganisha na wa pili. Anayebaki katika pengo hilo ni mchuuzi, mshonaji na fundi mdogo, ambaye jirani zake wanamjua kwa miaka mingi ilhali sheria inamjua kwa miezi sita tu. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne kwa watunga sera.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" huchukuliwa kwa kawaida kuwa kijembe kwa mgeni mvivu. Ikisomwa kwa jicho la mwanahistoria, methali hiyo ni kanuni ya uhamiaji. Inaweka muda wa ziara, inataja siku ambayo ziara inakoma, na inaeleza kinachofuata. Kinachofuata si kufukuzwa bali ni kazi. Mgeni anayepokea jembe anaacha kuwa mgeni wa mkekani na kuanza kuwa mtu wa shambani; jembe ndilo linalomrefushia muda.

Sheria za uhamiaji za Afrika Mashariki ya leo zimeigeuza kanuni hiyo. Anayeingia kwa pasi ya matembezi hukaa kihalali mradi tu asiguse jembe. Siku anapoanza kufanya kazi bila kibali, ukaaji wake unakuwa kosa, hata kama siku alizoandikiwa hazijaisha. Makala haya yanauliza: mgeuko huo ulitokea lini na kwa njia gani, na uliwaachia nini wakazi wa mtaa mmoja wa Kampala?

Bwaise imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, iko kando ya barabara ya Bombo, njia kuu ya kuelekea kaskazini, na kwa miongo mingi imekuwa mahali pa kufikia kwa watu wanaoingia mjini wakiwa na fedha kidogo. Pili, ni eneo la bondeni linalopakana na kinamasi cha Lubigi. Hufurika mvua zinapozidi, na kwa hiyo kodi za vyumba vyake zimekuwa ndani ya uwezo wa mtu wa kipato cha chini. Tatu, kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 eneo hilo lilikuwa nje ya mji wa Kampala kisheria, chini ya utawala wa Buganda. Historia yake inatuwezesha kuona taratibu mbili tofauti za kumpokea mgeni zikikutana katika ardhi moja.

Lugha yenyewe inadokeza tatizo. Kiganda kina maneno mawili: omugenyi, yaani mgeni anayekaribishwa nyumbani, na omugwira, yaani mtu wa nchi nyingine. Kiswahili kina neno mgeni kwa wote wawili. Historia inayofuata inaweza kuelezwa kuwa ni historia ya namna mtu alivyohamishwa kutoka fungu moja kwenda jingine bila yeye mwenyewe kuhama chumba.

Makala yanategemea sheria zilizochapishwa, hukumu za mahakama na tafiti za awali kuhusu Kampala na Buganda. Mfano mmoja wa kufikirika umetumiwa katika sehemu ya tano, na umetajwa hivyo.

2.0 Jembe kama kibali: 1900–1962

Mkataba wa Buganda uliotiwa saini Machi 1900 uliigawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, na ndipo lilipotoka jina la ardhi ya mailo. Wamiliki wake walikuwa Kabaka, jamaa za kifalme, machifu na watu wengine mashuhuri. Wakulima wa kawaida wakawa wapangaji juu ya ardhi hiyo, kila mmoja akishikilia kibanja. Mji wa Kampala wenyewe ulitawaliwa kwa sheria za himaya ya Waingereza, lakini viunga vyake vilibaki chini ya serikali ya Kabaka. Bwaise, katika kaunti ya Kyaddondo, ilikuwa upande huo wa pili. Aliyetaka kukaa huko hakuanzia ofisi ya uhamiaji. Alianzia kwa mwenye ardhi na kwa chifu mdogo wa eneo.

Utaratibu wa kupata kibanja ulikuwa na hatua zake. Mwombaji alijulishwa kwa mwenye ardhi na mtu anayemfahamu, akatoa zawadi ya kuingilia iliyoitwa kanzu, akaonyeshwa mipaka, kisha akaanza kulima. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928 iliupa ukaaji huo ulinzi mkubwa. Ilipanga busuulu kuwa shilingi 10 kwa mwaka, ikaweka ukomo wa envujjo, yaani ada ya mazao, na ikamzuia mwenye ardhi kumwondoa mpangaji aliyekuwa akilima na kulipa, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Kibanja kiliweza pia kurithiwa.

Sheria hiyo ilikuja wakati Buganda ikipokea wageni kwa wingi. Tangu miaka ya 1920 watu kutoka Rwanda na Burundi, zilizokuwa chini ya Wabelgiji, walitembea kwa miguu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Kilichowasukuma ni kazi za shuruti, kodi na njaa, ikiwamo njaa kubwa ya Rwanda ya 1928–1929. Utafiti ulioongozwa na Audrey Richards na kuchapishwa mwaka 1954 ulieleza kwa kina namna wahamiaji hao walivyoanza kama vibarua wa wakulima wa Kiganda, na namna baadhi yao walivyopata vibanja, wakachukua majina ya Kiganda na kuingia katika maisha ya ukoo na kijiji. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, njia ya mashariki nayo ilifunguka zaidi kwa wafanyakazi kutoka Kenya. Utafiti wa Southall na Gutkind uliochapishwa mwaka 1957, ambao ulihusu Kisenyi na Mulago iliyo jirani na Bwaise, unaonyesha kwamba viunga vya Kampala vilikuwa tayari ni mahali pa watu wa makabila na nchi mbalimbali, wengi wao wakipanga vyumba badala ya kulima.

Hatua hii ya kutoka shamba hadi chumba ndiyo msingi wa Bwaise ya leo. Wenye vibanja waliokuwa karibu na barabara waligundua kwamba safu ya vyumba inalipa kuliko mihogo na migomba. Chumba kimoja cha kupanga kiliitwa muzigo, na mpangaji wake hakuwa na ulinzi wa sheria ya 1928. Hata hivyo, mantiki ya kumkubali mgeni haikubadilika sana. Aliletwa na mtu anayejulikana, akaonekana ana kazi, akalipa, akakaa.

Si busara kuupamba utaratibu huo. Kibarua asiyepata kibanja aliishi kwa hisani ya mwajiri wake. Mwanamke aliyefika peke yake alikuwa na njia finyu zaidi. Mgeni aliyegombana na mlezi wake alipoteza kila kitu kwa mara moja. Lakini jambo moja lilikuwa wazi: kadiri mgeni alivyofanya kazi na kujulikana, ndivyo ukaaji wake ulivyozidi kuimarika. Muda ulikuwa upande wake.

3.0 Mgeni anahesabiwa kwa siku: 1962–1979

Miaka ya mwisho wa muongo wa 1960 ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Katiba ya 1967 ilifuta falme, na pamoja nazo serikali ya Mengo iliyokuwa ikisimamia viunga. Mwaka 1968 mipaka ya jiji la Kampala ilipanuliwa ikaimeza Kawempe, na Bwaise ikiwa ndani yake. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Uhamiaji ya 1969, pamoja na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, mkazi wa Bwaise aliyetoka ng'ambo ya mpaka aliingizwa mjini na kutakiwa kuwa na kibali karibu kwa wakati mmoja. Hakuwa amesogea hata hatua.

Sheria ya 1969 ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kuingia na kufanya kazi, chenye aina na muda wake. Ile ya leseni iliweka mipaka juu ya maeneo na bidhaa ambazo asiye raia angeweza kufanyia biashara. Athari za mwelekeo huo zilionekana upesi. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaondoa wafanyakazi wa Kenya wanaokadiriwa kufikia 30,000, wengi wao Wajaluo waliokuwa katika kazi za mikono. Tukio hilo limefunikwa katika kumbukumbu na lile lililofuata miaka miwili baadaye, lakini kwa historia ya mitaa kama Bwaise ni muhimu zaidi, kwa sababu waliolengwa walikuwa watu wa jembe na si watu wa maduka. Inafaa pia kukumbuka kwamba Uganda na Kenya zilikuwa wakati huo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967. Jumuiya hiyo ilikuwa na reli moja, bandari na shirika moja la ndege, lakini haikuwa imempa mwananchi wa kawaida haki ya wazi ya kuhamia nchi jirani na kufanya kazi.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwaondoa Waasia katika muda wa siku 90. Chombo cha kisheria kilichotumika kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Ilikuwa dikrii ya mwaka huo iliyofuta vibali vya kuingia na vyeti vya ukaazi vya watu wenye asili ya Asia waliokuwa raia wa Uingereza, India, Pakistan na Bangladesh. Kibali, ambacho miaka mitatu tu kabla kilitambulishwa kama uthibitisho wa uhalali, kiligeuka kuwa orodha ya watu wa kuondolewa. Mahmood Mamdani, aliyekuwa miongoni mwa waliofukuzwa, aliandika juu ya uzoefu huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1973, na kichwa chake kilitaja safari ya kutoka uraia hadi ukimbizi.

Funzo ambalo wakazi wengi walilipata kutokana na miaka hiyo mitatu lilikuwa la busara kwao, ingawa ni gumu kwa dola: usalama hauko katika kuandikishwa. Aliyekuwa na kibali alijulikana na akaondolewa. Aliyejificha katika chumba cha muzigo na kujifunza Kiganda alibaki. Watunga sera wanaolalamika leo kwamba wageni hawajitokezi kujiandikisha wangefaa kuanza na kumbukumbu hii.

4.0 Kutoka mayumba kumi hadi barua ya mwenyekiti: 1979–2018

Baada ya kuanguka kwa Amin mwaka 1979, serikali ya UNLF ilianzisha Uganda mfumo wa balozi wa nyumba kumi kwa mfano wa Tanzania. Wakampala waliuita mayumba kumi, kwa Kiswahili cha mitaani ambacho hakikufuata sarufi ya vitabuni lakini kilieleweka na wote. Kazi yake mojawapo ilikuwa kujua nani analala wapi. Chini ya serikali ya NRM iliyoingia 1986, Mabaraza ya Upinzani yalichukua nafasi hiyo, na baada ya Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 yakaitwa Mabaraza ya Mitaa. Ngazi ya chini kabisa ni LC1, na mkuu wake ni mwenyekiti.

Hapa ndipo utaratibu wa zamani ulipofufuka kwa vazi jipya. Mhamiaji alitarajiwa kufika kwa mwenyekiti na barua ya utambulisho kutoka alikotoka. Baada ya hapo mwenyekiti aliweza kumwandikia barua inayoeleza kwamba ni mkazi wa kijiji chake. Barua hiyo yenye muhuri imekuwa ufunguo wa maisha ya mjini: hutakiwa benki, polisi katika dhamana, shuleni na katika maombi ya vitambulisho. Mwenyekiti wa LC1 ni mrithi wa chifu mdogo aliyemwonyesha mgeni mipaka ya kibanja. Anachothibitisha ni kilekile: huyu tunamjua, anafanya kazi fulani, anakaa kwa fulani.

Lakini barua hiyo haina uwezo wowote juu ya uhamiaji. Inathibitisha ukaazi bila kuuhalalisha. Na hata uhalali wa waandishi wake ulitikiswa. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua, katika shauri la Rubaramira Ruranga dhidi ya Tume ya Uchaguzi, kwamba mabaraza ya ngazi za chini yaliyochaguliwa chini ya mfumo wa kutokuwa na vyama hayakuwa halali katika mfumo wa vyama vingi. Uchaguzi mpya wa LC1 haukufanyika hadi Julai 2018, miaka 17 baada ya ule uliotangulia. Kwa zaidi ya muongo mzima, basi, hati iliyotegemewa kuliko nyingine kumtambulisha mkazi wa Bwaise ilitiwa saini na viongozi ambao mahakama ilikuwa imesema hawakuwa na mamlaka halali. Na bado barua ziliendelea kuandikwa na ofisi za serikali ziliendelea kuzipokea. Hakuna ushahidi bora kuliko huo wa jinsi dola inavyoutegemea utambuzi wa mtaani huku ikikataa kuupa nafasi katika sheria ya wageni.

5.0 Milango miwili mipya: 2006 na 2010

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilichukua nafasi ya ile ya 1960 iliyokuwa imejengwa juu ya dhana ya kuwadhibiti wakimbizi. Sheria mpya inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini, inampa pasi ya muda ya siku 90 wakati ombi lake linashughulikiwa, na inamtambulia mkimbizi haki ya kufanya kazi na uhuru wa kutembea. Uganda leo inahifadhi zaidi ya wakimbizi 1,500,000, idadi kubwa kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Wengi wako katika makazi ya vijijini kama Nakivale na Kyangwali, lakini wengine wameamua kujitegemea Kampala, ambako msaada ni mdogo na soko la kazi ni kubwa. Kwa mkimbizi, siku ya tatu imefika na jembe ameruhusiwa kulishika. Huu ni ushindi ambao mitaa mingi ya Afrika na Ulaya bado haijaupata.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Raia wa nchi mwanachama haombwi viza. Hupewa pasi ya kukaa hadi miezi sita. Tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mahakama ya Afrika Mashariki iliipa haki hiyo meno Mei 2013 katika shauri la Samuel Mukira Mohochi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda. Wakili huyo Mkenya alizuiwa katika uwanja wa Entebbe mwezi Aprili 2011 na kurudishwa kwao bila kuelezwa sababu. Mahakama iliamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba na Itifaki, na kwamba mamlaka ya dola juu ya mipaka yake si kisingizio cha kutotimiza wajibu iliojifunga nao yenyewe.

Hata hivyo, kuingia si kukaa. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mshonaji kutoka Kisumu. Anavuka Busia kwa kitambulisho, anapewa pasi ya miezi sita, anapanga chumba Bwaise karibu na mwenzake aliyemtangulia, na anaweka cherehani barazani. Siku anaposhona nguo ya mteja wa kwanza, yeye si mgeni wa matembezi tena machoni pa sheria. Itifaki inamtambua mfanyakazi mwenye mkataba na inamtambua pia anayejiajiri, lakini wote wanatakiwa kuomba kibali ndani ya siku chache, wakiambatisha ushahidi wa maandishi wa ajira au shughuli. Mshonaji wetu hana mkataba wa kazi, hana kampuni, na mkataba wake wa kupanga ni wa mdomo. Zaidi ya hayo, ratiba za nchi wanachama kuhusu wafanyakazi ziliegemea zaidi wataalamu na mafundi wenye vyeti. Sheria za nchi nazo hazikumfikiria. Aina za vibali vya kuingia Uganda zimetaja kilimo, madini, biashara, viwanda, taaluma na ajira. Kwa muda mrefu Sheria ya Uwekezaji ya 1991 ilimdai mfanyabiashara wa kigeni dola 100,000. Ni kiwango kilichowekwa kwa kumfikiria mwenye ghala, si mwenye cherehani.

Njia inayobaki ni ile inayojulikana na wote: pasi inapokaribia kwisha, apande basi hadi mpakani, agongewe muhuri wa kutoka, agongewe wa kuingia, arudi Bwaise jioni. Akichelewa kwa sababu ya ugonjwa au mafuriko, anakabiliwa na faini ambayo kiwango chake kinachofahamika ni dola 30 za Marekani kwa siku. Mwezi mmoja wa kuchelewa ni dola 900. Kwa mtu wa kipato chake, faini hiyo haimrudishi katika uhalali. Inamfungia nje kabisa, kwa kuwa sasa hata kujitokeza kuomba msamaha kunaanza na deni asiloweza kulilipa.

6.0 Gharama ya pengo: miaka isiyohesabika

Ubaya wa pengo hilo hauishii kwenye faini. Katiba ya 1995 inampa haki ya kuomba uraia kwa kuandikishwa mtu aliyehamia Uganda kwa hiari na kwa mujibu wa sheria na kuishi humo angalau miaka kumi. Uraia wa tajnisi unadai jumla ya miaka ishirini. Mshonaji wetu akikaa miaka kumi kwa kurudi mpakani kila miezi sita, atakuwa na mihuri ishirini ya kuingia, lakini pasi za matembezi si vibali vya ukaazi. Katika kijiji chake cha LC1 yeye ni mkazi wa muongo mzima. Katika daftari la uhamiaji amefanya ziara ishirini.

Mkimbizi naye, aliyeruhusiwa jembe, amefungiwa hatua inayofuata. Katika hukumu ya Oktoba 2015, kwenye shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria ya Maslahi ya Umma pamoja na Salima Namusobya, Mahakama ya Katiba ilieleza kwamba mkimbizi hawezi kupata uraia kwa kuandikishwa, ingawa njia ya tajnisi haijafungwa kwake. Katiba yenyewe, inapozungumzia waliozaliwa Uganda na kuishi humo mfululizo tangu uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, inawaondoa ambao wazazi au babu zao walikuwa wakimbizi. Kuzaliwa Bwaise, kusomea Bwaise na kuzika wazazi karibu na Bwaise hakumfanyi mtu kuwa raia.

Linganisha na wale waliofika mapema. Jedwali la Tatu la Katiba hiyohiyo linataja jamii za asili za Uganda zilizokuwapo tarehe 1 Februari 1926, na miongoni mwake ni Wanyarwanda na Wanubi. Wengi wa mababu wa jamii hizo waliingia kwa jembe au kwa bunduki ya jeshi la kikoloni, bila pasi. Tofauti kati yao na mhamiaji wa 1930 ni miaka minne. Tofauti kati yao na mhamiaji wa leo ni kwamba wao walihesabiwa kwa makazi, naye anahesabiwa kwa karatasi. Na kabla ya Katiba hiyo hata kukaa kwa muda mrefu hakukuwa kinga ya milele: mwaka 1982 maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda waliondolewa kwa nguvu magharibi mwa Uganda, wakiwamo waliokaa huko kwa vizazi.

Uganda haiko peke yake. Mwaka 2013 Tanzania iliwaondoa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita watu wengi waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, wakiwamo waliokuwa wamelima na kuoa huko kwa miongo mingi. Nchi zote mbili zilikuwa tayari zimeridhia Itifaki. Hii inaonyesha kwamba haki ya kuingia bila viza, peke yake, haimlindi mtu ambaye kukaa kwake hakukuandikwa popote.

7.0 Mapendekezo

Historia haiwezi kumwandikia waziri kanuni, lakini inaweza kumwonyesha mahali ambapo kanuni zilizopo hazigusi ardhi. Mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, Jumuiya imekwisha kutambua kwamba mfanyabiashara mdogo ni tofauti na mkubwa. Utaratibu uliorahisishwa wa biashara mipakani unaziruhusu bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zivuke kwa hati nyepesi. Bidhaa za mchuuzi zimerahisishiwa safari. Mchuuzi mwenyewe, anapotaka kukaa, hajarahisishiwa. Kibali cha kikanda cha mjasiriamali mdogo, cha gharama nafuu na cha mwaka mmoja unaoweza kurefushwa, kingemrudisha katika sheria bila kuigusa mipaka ya uwekezaji mkubwa.

Pili, barua ya mwenyekiti wa LC1, ikiungwa mkono na mwenye nyumba na leseni ya jiji pale inapokuwapo, ikubaliwe kuwa ushahidi wa ukaaji na wa shughuli katika kuomba kibali hicho. Pingamizi linajulikana: barua hutolewa kwa ada na nyingine hughushiwa. Ni kweli. Lakini dola inazipokea barua hizohizo katika dhamana na vitambulisho. Dawa ni daftari linaloweza kukaguliwa, si kuukataa ushahidi katika jambo moja na kuutegemea katika mengine yote. Kwa upande wa usalama, mgeni aliyeandikwa na jirani zake anajulikana zaidi kuliko aliyegongewa muhuri mpakani na kupotelea mjini.

Tatu, faini ya kuzidisha muda kwa raia wa Jumuiya iwekewe kikomo, na anayejitokeza mwenyewe atendewe tofauti na anayekamatwa. Nne, miaka ya ukaaji unaothibitika ihesabiwe, angalau kwa sehemu, katika masharti ya uraia. Pendekezo hili la mwisho ni zito zaidi kisiasa na linahitaji Bunge; matatu ya kwanza yanaweza kuanzia katika kanuni.

Kumbukumbu ya 1970 na 1972 inaongeza sharti moja juu ya yote hayo. Wageni hawatajiandikisha ikiwa daftari linaweza kugeuzwa kuwa orodha ya kuwafukuza. Sheria yoyote mpya itamke waziwazi kwamba kibali hakifutwi kwa kundi wala kwa asili ya mtu, na kwamba kila anayefutiwa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi na kusikilizwa. Hukumu ya Mohochi imekwisha kuweka msingi huo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Bwaise imewahi kuwa na utaratibu ambao ndani yake kazi na kujulikana vilirefusha muda wa mgeni, na kwamba utaratibu huo ulinyimwa nguvu ya kisheria mwishoni mwa miaka ya 1960 bila kukoma katika maisha. Tangu hapo mkazi mmoja amekuwa na hesabu mbili: ya mtaa, inayokua kila mwaka, na ya dola, inayoanza upya kila miezi sita. Jumuiya ya Afrika Mashariki imefanya kazi kubwa ya kumkaribisha mgeni kwa siku mbili za methali. Siku ya tatu bado haijatungiwa sheria inayomfaa mwenye cherehani, na kila asubuhi Bwaise inaamka ikiwa tayari iko ndani ya siku hiyo.